Kalamu Nyekundu ya Mama Mkwe

2 Septemba

Dada,

Shikamoo. Barua hii naiandikia juu ya meza ya kukatia vitambaa, katikati ya marundo ya sare za shule, kwa sababu nyumbani siwezi. Simu yangu imekuwa ya nyumba nzima. Ikilia, mama mkwe ndiye anayesema haloo. Ujumbe ukiingia, anausoma kwanza halafu ananiambia, "Kuna ujumbe wako, si wa maana." Kwa hiyo nijibu kwa karatasi, na utume hapa kazini, chumba cha cherehani.

Unakumbuka ile kalenda ya sebuleni, kati ya saa na picha yetu ya harusi? Kila nikiingia kwenye siku zangu mama mkwe anaichora duara kwa kalamu nyekundu. Mimi simwambii. Anahesabu vitambaa kwenye kamba ya kuanikia. Wageni wakija wanakunywa chai chini ya hedhi yangu, Dada, wanainua macho, wanahesabu, wananiangalia tumbo. Juzi tarehe 29 amechora lingine, akapuliza wino ukauke, akasema, "Haya."

Amenipa mpaka tarehe 20 Juni. Siku hiyo tutatimiza miaka minne ya ndoa, na baba mdogo na mashangazi wataitwa kikao. Nikiwa bado na tumbo tupu nitarudishwa kwetu, au nikubali mume wangu aletewe mwingine. Mume wangu yuko kule machimbo ya kokoto, anakuja siku tano kwa mwezi. Mama mkwe anasema siku ya kushika ni ya kumi na nne baada ya kumaliza kutoka damu. Nimeifuata hiyo ya kumi na nne mpaka nimeichukia.

Wewe ni muuguzi. Nifundishe kama unavyofundisha wagonjwa wako, bila kunihurumia.

Mdogo wako,
Sindano

15 Septemba

Mdogo wangu,

Marahaba. Sikuhurumii, kwa hiyo kaa vizuri usome.

Kwanza, mama mkwe wako amekosea hesabu. Siku ya kwanza ni siku damu inapoanza, si inapokwisha. Na hiyo kumi na nne si ya kila mwanamke. Yai huachiliwa kama wiki mbili kabla ya hedhi ijayo. Wewe mzunguko wako ni siku thelathini na moja, nakujua tangu tukilala kitanda kimoja, kwa hiyo yako ni kama siku ya kumi na saba. Yai lenyewe linaishi siku moja tu. Mbegu za mwanamume zinaweza kusubiri mpaka siku tano. Basi siku zako nzuri ni zile nne kabla ya yai, na siku ya yai yenyewe. Baada ya hapo mlango umefungwa mpaka mwezi mwingine.

Alama ni hizi. Ute. Siku nyingi utauona mzito, mweupe, au hakuna kabisa. Siku zako zikikaribia unakuwa mwepesi, unateleza, ukiuvuta kati ya vidole viwili unanyooka bila kukatika, kama ute wa yai bichi. Ukiuona huo, mume awe nyumbani. Joto: pima kila asubuhi kabla hujatia mguu chini, kabla hata ya kumsalimu mtu. Likipanda kidogo na kubaki juu siku tatu, yai limeshatoka. Joto linakwambia umechelewa, lakini linakufundisha mwili wako kwa mwezi ujao. Vijiti nilivyofunga kwenye kifurushi ni vya mkojo. Kistari cha pili kikikoza sawa na cha kwanza au kukizidi, yai litatoka ndani ya siku moja au moja na nusu.

Watu wanaziita siku za hatari. Kwako hatari ni zipite mwanamume akiwa anaponda mawe.

Njoo pia upimwe. Damu, wiki moja kabla ya hedhi, kuona kama yai linatoka kweli. Halafu picha ya mirija. Na mumeo apimwe mbegu. Kipimo chake ndicho rahisi kuliko vyote, kikombe na mlango wenye komeo, na ndicho wanaume wanachokimbia kuliko vyote.

Dada yako

20 Oktoba

Mume wangu,

Nakutumia barua hii kwa dereva wa lori la vifaa, yeye si mwongo na ana mikono misafi. Habari za huko, za mawe na vumbi?

Nina habari nzuri. Mwili wangu nimeujua! Nimepima joto mwezi mzima, nimeona ute, nimekojolea vijiti vya Dada mpaka choo kinanuka maabara. Yai lilitoka tarehe 15 mwezi huu, na wewe hukuwepo. Sikulaumu. Mwezi ujao siku zetu ni kuanzia tarehe 11 hadi 15. Baada ya hapo hakuna kitu. Nimekuchorea chati, nyuma ya karatasi hii. Kila mwezi nitakuletea nyingine.

Mimi nimeshapimwa. Damu nzuri, mirija iko wazi yote miwili. Ile picha iliniuma hadi nikamwita mama, na mama yangu alishafariki. Dada anasema na wewe upimwe. Ni kikombe tu.

Shangazi yako alikuja jana. Akaniuliza siku hizi naitwa mama nani. Mama yako akamjibu, "Mama Subiri." Wakacheka. Na mimi nilicheka, ningefanyaje.

Njoo tarehe 11.

Mkeo

27 Oktoba

Sindano yangu,

Chati yako nimeibandika juu ya kitanda changu, wenzangu wanadhani ni ratiba ya mpira. Una akili wewe. Hakuna fundi hapa machimboni anayeweza kuchora mstari ulionyooka hivyo.

Tatizo ni msimamizi. Yeye ndiye anayepanga nani aende lini, sisi tunapewa tu. Nitamwomba, nitamlilia, lakini usinihesabie. Endelea kunitumia hizo chati kila mwezi, usiache hata mmoja, ili nijue.

Kipimo nilishapimwa kila kitu nilipoajiriwa. Mimi ni mzima kama nyundo. Usijisumbue na hilo.

Mama mvumilie. Ni mdomo tu ule. Anatupenda.

Mumeo,
Nyundo

25 Aprili

Dada,

Shikamoo. Nimeingia mwezi wa sita nikimtumia chati, na nimechoka hadi kwenye meno.

Hebu tazama. Novemba nilimwandikia 11 hadi 15, akaja 18. Desemba 12 hadi 16, akaja 19. Januari tarehe zile zile, akaja 18. Februari tena zile zile, akaja 19. Machi nilimwambia 15 hadi 19, akaja 22. Mwezi huu 15 hadi 19, amekuja 21, na kitenge, na maneno matamu, na pole nyingi kwamba msimamizi ni mnyama.

Tarehe 18 asubuhi kistari cha pili kilikoza hadi kikawa kama kidonda. Nilikaa chooni nimekishika. Nikasema, hiki ndicho, na hakuna mtu. Mama mkwe akagonga mlango akauliza kama nimehamia humo.

Kikao kimebaki chini ya miezi miwili. Hivi msimamizi ananijua mimi? Nilimkosea nini?

Mdogo wako

2 Mei

Mdogo wangu,

Nimeisoma barua yako mara tatu, halafu nikachukua karatasi ya chati ya wodini nikapanga tarehe zako juu na zake chini.

Mtu anayekosa kwa bahati mbaya, safari moja atawahi, nyingine atachelewa, na moja kati ya sita ataangukia katikati hata asipotaka. Mumeo hajawahi hata mara moja. Anakuja siku mbili au tatu baada ya mlango kufungwa, kila mwezi, na tarehe zenyewe zikisogea naye anasogea. Msimamizi hana chati yako. Mwenye chati ni mmoja.

Sijui sababu. Usipige kelele bado, na usichukulie kwamba nimeshasema ninachokidhani. Lakini yule aliyekwambia ni mzima kama nyundo, hakuna kazi ya machimbo inayompima mtu mbegu anapoajiriwa. Wanapima macho na mapafu.

Pole. Nilisema sitakuhurumia, nimeshindwa.

Dada yako

6 Mei

Mume wangu kipenzi,

Damu imeanza, lakini moyo wangu uko juu. Dada amenipa dawa ya kurekebisha mzunguko, na kumbe mwezi huu yai litawahi sana! Siku zetu ni tarehe 10 hadi 14. Ikifika 16 hakuna kitu tena, hata ukija utakuwa umekuja kula na kulala tu.

Mbembeleze msimamizi. Najua ni vigumu. Nakuombea.

Mkeo anayekungoja

23 Mei

Dada,

Shikamoo. Amekuja tarehe 16. Akakaa hadi 20.

Hakuna dawa yoyote ya kuwahisha, unajua, nilimdanganya. Damu ilianza tarehe 4, siku zangu za kweli zilikuwa 16 hadi 20, na mume wangu amezikaa zote, moja baada ya nyingine, kwa hiari yake, akiamini amechelewa. Alikuwa mchangamfu! Aliimba bafuni. Alinishika kiuno jikoni mbele ya mama yake. Nilikuwa namtazama anavyocheka nikawaza, kumbe huyu ndiye mume wangu asipoogopa. Nilitaka kumpenda na nilitaka kumchoma na pasi.

Ovaroli yake ilikuwa imechanika mfuko, akanipa nishone. Ndani kulikuwa na karatasi tatu za ruhusa, za Machi, Aprili na huu Mei. Zina mstari mmoja uliochapwa: tarehe zilizoombwa na mfanyakazi. Chini yake mwandiko wake mwenyewe. Yule msimamizi maskini kazi yake ilikuwa kupiga muhuri. Mfuko nimeushona. Karatasi nimebaki nazo.

Sasa nangoja. Usinicheke. Siku hizi kumi na mbili zilizobaki nimekuwa mjinga, najigusa matiti kuona kama yanauma. Nikishika mimba, nitamsamehe kila kitu? Naona nitamsamehe. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Mdogo wako

5 Juni

Mume wangu,

Damu imeanza jana. Mama yako ameshachora.

Sasa nisikilize, safari hii bila kipenzi. Zile tarehe za Mei zilikuwa za uongo. Nilizisogeza nyuma kwa makusudi, ukaja siku zenyewe. Karatasi zako za ruhusa ninazo, na mwandiko wako ninaujua kuliko unavyoujua wewe. Miezi sita nimekutumia chati uje, na wewe umeitumia kunikwepa. Nilikuwa nakuelekeza njia ya kunikimbia, na nachora mistari iliyonyooka.

Dada anasema mwezi mmoja hauthibitishi kitu, hata watu wazima wawili wenye afya hukosa mara nyingi kuliko wanavyopata. Sawa. Sitaki kujua kwa nini mwezi huu tumekosa. Nataka kujua ulikuwa unakimbia nini.

Kikao ni tarehe 20. Niandikie ukweli kabla ya hapo. Usiponiandikia, nitabandika karatasi zako ukutani kila mtu asome.

Fundi cherehani

12 Juni

Mke wangu,

Naandika barua hii nimejificha nyuma ya mtambo. Ukishaisoma ichome.

Nilipimwa mwaka juzi, mji mwingine, niliposema naenda semina ya usalama. Daktari hakuona mbegu hata moja. Sijakosea kuandika. Hata moja. Akasema nirudi baada ya miezi mitatu kwa kipimo cha pili, kwamba huenda njia imeziba tu na inaweza kufunguliwa, kwamba wako watu wanatibiwa. Akaniandikia karatasi. Sikurudi. Ningerudi halafu aseme ni kweli?

Wewe ulipoanza na chati zako niliogopa. Nilijua nikiwepo siku zenyewe, mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu, na wewe umeshapimwa ni mzima, macho yote yatanigeukia mimi. Lakini tukikosa siku, hakuna mwenye kosa. Si wewe, si mimi, ni tarehe tu. Ulinieleza vizuri sana zile alama. Nikazitumia. Najua nilivyofanya.

Sasa nakuomba. Mama ana mimi peke yangu. Akilisikia hili litamuua. Wewe una roho ngumu, umeshazoea maneno yao, miaka minne umeyabeba na hukufa. Beba na hili. Kubali mama alete huyo mwingine. Wewe utabaki mkubwa, nyumba ni yako. Huyo naye akikosa, watasema ukoo una mkosi, na yataisha.

Tarehe 20 sitakuja. Msimamizi amekataa.

Mumeo

21 Juni

Mume wangu wa zamani,

Barua yako sikuichoma. Nakueleza ilikoenda.

Jana walifika wote saa nne asubuhi. Baba mdogo kwenye kiti chako, mashangazi wawili kwenye kochi, mama yako chini ya kalenda yake. Mimi nilipewa kigoda, kama mtuhumiwa. Baba mdogo akasafisha koo, akasema wamekuja kwa wema, kwamba mwanamke ni uzazi, na kwamba njia ya kunirudisha kwetu inajulikana. Shangazi mkubwa akasema msichana wameshampata, ni wa familia nzuri, ana miaka kumi na tisa. Kumi na tisa, Nyundo. Huyo ndiye uliyetaka akae kwenye kigoda changu baada yangu, aanze kuhesabiwa vitambaa, na wewe unajua.

Nikaomba ruhusa ya kutumia kalenda. Mama yako akasema, "Unataka nini na kalenda yangu?" Nikatoa chaki yangu ya bluu ya kuchorea vitambaa. Nikachora siku za yai, kila mwezi, nikieleza kama Dada alivyonieleza mimi: hapa ute, hapa kijiti, hapa joto. Shangazi mdogo aliziba masikio. Shangazi mkubwa, nakwambia, alisogeza kiti karibu na kuuliza swali. Halafu nikamwomba mama yako achore mwenyewe, kwa kalamu yake, kila tarehe uliyofika. Anazikumbuka zote, wewe si mwanawe wa pekee? Akachora Januari. Akachora Februari. Alipofika Machi mkono ukasimama hewani. Mama yako ni mtu wa kuhesabu. Hakuhitaji niseme kitu.

Nikawapa karatasi za ruhusa. Baba mdogo akazisogeza mbali na macho akasoma, akauliza, "Sasa mwanamume anakimbiaje siku za mkewe?"

Nikampa mama yako barua yako. Nikamwambia, "Mama, isome kwa sauti, kama unavyonisomea simu yangu."

Akasoma. Sauti yake ni nzuri, unajua. Alifika kwenye "hata moja" akasoma tena hapo hapo, polepole, kama mtu anayetafuta kama ameruka mstari. Halafu akaendelea hadi pale ulipoandika kwamba nimeshazoea maneno yao na sikufa. Hapo akaishusha. Chai ilipoa kwenye vikombe vyote.

Ningeweza kunyamaza. Usiku mzima wa tarehe 19 nilijiambia ninyamaze, ni siri ya mwili wa mtu, mimi najua inavyokuwa mwili wako kutundikwa sebuleni. Ndiyo maana sikunyamaza. Labda siku moja nitajuta. Leo sijuti hata kidogo, nimelala vizuri kuliko nilivyolala miaka minne.

Na ujue kilichonikata. Si mbegu zako. Ungeniambia mwaka juzi ningekushika mkono tukarudi kwa yule daktari, ningesubiri nje ya mlango wenye komeo, ningekuficha kwa ulimi wangu hadi kaburini. Huenda leo tungekuwa tunagombana nani aamke kubembeleza mtoto. Umeteketeza miaka miwili ili usimwangalie mama yako usoni. Basi sasa mwangalie.

Nimeondoka na cherehani yangu na kipimajoto. Sikuacha anwani, na barua za kazini zitarudishwa.

Jana, siku ya kikao, ilikuwa siku yangu ya kumi na saba. Asubuhi kabla hawajafika niliona ute ule ule, mwepesi, haukatiki. Mwili wangu haukujua kuna kikao. Ulifanya kazi yake kama kila mwezi. Nilinawa mikono, nikavaa, nikaenda kukaa kwenye kigoda.

Sindano

24 Juni

Mwanangu,

Barua hii nampa dereva wa lori mkononi, na nimemwambia angoje hadi uisome mbele yake.

Sijafa. Uliandika nitakufa, sikufa.

Nilimfuata mkeo hadi kituoni. Nilimwita mwanangu. Aligeuka, akasema, "Shikamoo, mama," akapanda gari. Yule msichana nimewarudishia wazazi wake habari kwamba hapa hakuna ndoa.

Ile kalenda nimeitoa. Nimenunua nyingine, nimeitundika pale pale, na ina jina lako juu. Nimekwenda mwenyewe hospitali, nikakaa kwenye benchi na wanawake, nikauliza. Wamesema kipimo cha pili ulipaswa kukifanya mwaka juzi. Wamesema ukae siku tatu bila mwanamke kabla ya kwenda, hilo halitakusumbua. Wamekupa tarehe 2 Julai, saa mbili asubuhi. Nimeichora kwa nyekundu. Baba mdogo ameshaiona, na mashangazi, na jirani aliyekuja kuazima chumvi.

Nitakuwa nimekaa nje ya ule mlango.

Usiniandikie kwamba msimamizi amekataa. Ukifika tarehe 4 au 5, siku mbili tatu baadaye, na kitenge na maneno matamu, nitajua. Mkeo amenifundisha kuhesabu.

Mama yako